Mabao yamekauka, prezida wa klabu anataka kukata mshahara: nisaini au niondoke?

*"Yaya avoka (wakili), salamu. Mimi ni mshambuliaji, miaka 24, natoka Likasi, nacheza katika klabu moja hapa Lubumbashi. Nilisaini kontra ya misimu miwili. Msimu wa kwanza nilifunga mabao 11. Msimu huu, mechi 14, bao moja tu, tena la penalti. Huu ni mwezi wa tatu sijapokea mshahara. Wenzangu wamelipwa angalau mwezi mmoja. Wiki mbili zilizopita prezida aliniita ofisini, akaniwekea karatasi mezani: mshahara ukatwe nusu mpaka mwisho wa kontra, saini ao urudi kwenu. Nilikataa. Kesho yake nikaambiwa nifanye mazoezi na vijana wa akademi, nisiingie tena vestieri (chumba cha kubadilishia nguo) ya wakubwa. Rafiki yangu anasema ni haki yao, kwani hata Amerika mchezaji wa baseball akishindwa kupiga mpira anafukuzwa bila kitu. Bibi yangu ana mimba ya miezi saba, mwenye nyumba kule Katuba anagonga mlango kila asubuhi, usiku silali. Nataka niache kwenda mazoezini, niende kusema yote kwa redio. Nifanye nini?"*

Mdogo wangu, kabla ya maelezo marefu, mambo mawili ya haraka. Kesho asubuhi nenda mazoezini, hata kama ni pamoja na vijana wa akademi, na ufike kabla ya saa. Na ile karatasi usiisaini. Mengine yanaweza kungoja mpaka umalize kusoma.

Nimeisoma barua yako mara mbili, na kuna neno moja limenisumbua. Umeandika "sijapokea". Hukuandika "nawadai". Unazungumza kama mtu aliyeharibu kitu cha watu na sasa anaomba asamehewe. Hayo yametoka wapi? Yametoka kwenye ile meza ya prezida, pale mabao yako, mshahara wako na mahali unapovulia viatu viliposukwa kamba moja. Kazi yangu leo ni kuifumua kamba hiyo, maana kila uzi una sheria yake.

Tuanze na mabao. Katika sheria tuliyorithi, ile ya Wabelgiji na Wafaransa, kuna ahadi za aina mbili. Seremala akikubali kukutengenezea kabati, ameahidi kabati. Lisipokuwepo siku ya kulichukua, amevunja ahadi, hata akueleze alivyokesha. Daktari naye akikubali kukutibu hakuahidi kupona. Ameahidi elimu yake, uangalifu wake na muda wake. Mgonjwa asipopona, hatusemi daktari amevunja mkataba, ila kama alizembea. Mchezaji wa mpira yuko upande wa daktari. Uliahidi kufika, kujitunza, kufuata maagizo ya koch, kucheza kwa nguvu zako zote. Hukuahidi mabao, na hakuna anayeweza kuyaahidi, kwa sababu upande wa pili kuna golikipa na mabeki wanaolipwa ili usifunge.

Tena klabu inayotaka kulipia mabao ina njia halali ya kufanya hivyo: primu. Inaandika katika mkataba kwamba kila bao ni dola kadhaa, au mabao 10 ni kiasi fulani, na usipofunga huipati. Mshahara wa kila mwezi ni kitu kingine. Huo unalipia kuwepo kwako na juhudi yako. Kuukata kwa sababu ya mabao ni kukutoza primu ambayo hukuahidi kuilipa. Ndiyo maana vyombo vinavyoamua kesi za wachezaji, pamoja na vile vya FIFA na mahakama ya michezo ya Lausanne, vimesema tena na tena kwamba kushuka kwa kiwango, peke yake, si sababu ya haki ya kuvunja mkataba. Kiwango kinapimwa kwa jicho, na jicho la mwenye kulipa haliwezi kuwa ndiyo mizani.

Hapo nimjibu rafiki yako wa baseball, kwa sababu mfano alioutaja unamgeuka. Katika mchezo ule mtu anasimama na gongo, anarushiwa mpira, naye lazima aupige mahali ambapo hautadakwa. Chris Davis wa Baltimore Orioles aliupiga ukavuka uzio mara 53 katika msimu wa 2013. Januari 2016 akasaini mkataba wa miaka 7 wa dola milioni 161. Halafu mkono ukakauka. Kuanzia Septemba 2018 hadi Aprili 2019 alikwenda kupiga mara 54 mfululizo bila hata pigo moja kufaulu, rekodi mbaya kuliko zote katika ligi kuu yao kwa mchezaji asiye mrushaji. Watu walimzomea katika uwanja wake mwenyewe. Tarehe 13 Aprili 2019, kule Boston, ndipo alipopata tena. Je, mshahara ulikatwa katika siku zile? Haukukatwa. Alipostaafu mwaka 2021 fedha za mkataba ule ziliendelea kuwa zake, na sehemu iliyoahirishwa imepangiwa kulipwa mpaka mwaka 2037. Klabu ilikuwa na haki ya kumweka benchi, na ilifanya hivyo. Haikuwa na haki ya kujifuta deni. Labda rafiki yako alisikia habari za ligi ndogo za kule, ambako kijana anaachwa leo na kesho malipo yanakoma, hilo lipo. Lakini hata huko kinachoamua ni karatasi iliyosainiwa.

Karatasi yako inasema nini, basi? Sijaiona, kwa hiyo nitasema yale ambayo sheria yetu inasema juu ya karatasi yoyote. Kitabu cha tatu cha sheria zetu za madai, cha tarehe 30 Julai 1888, kina kifungu cha 33 ambacho kila avoka wa hapa anakijua kwa moyo: makubaliano yaliyofanywa kihalali ni sheria kwa wale walioyafanya, na hayafutwi ila kwa ridhaa ya pande zote, au kwa sababu ambazo sheria yenyewe inaziruhusu. Prezida hawezi kuupunguza mshahara wako peke yake. Anajua hivyo, ndiyo maana alikuletea karatasi uisaini. Angekuwa na uwezo huo, angekata tu, bila kukuita ofisini.

Na akisema "basi tunavunja"? Sheria ya Kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002, iliyorekebishwa mwaka 2016, inauchukulia mkataba wa muda maalumu kwa uzito. Mwajiri akiuvunja kabla ya siku yake bila kosa zito la mfanyakazi, anadaiwa fidia inayolingana na mishahara na marupurupu ya muda wote uliobaki. Angalia vizuri maneno "kosa zito". Kukosa mabao si kosa zito. Kutofika mazoezini siku kumi mfululizo, hilo wanaweza kuliita kosa zito, na watapata mkaguzi wa kazi au hakimu wa kuwasikiliza. Sasa unaelewa kwa nini nimeanza na mazoezi ya kesho. Ukikaa nyumbani kwa hasira, unawapa bure kitu ambacho leo hawana.

Jambo hili si la klabu zetu tu. Lassana Diarra, Mfaransa aliyepita Chelsea na Real Madrid, aligombana na Lokomotiv Moscow baada ya mwaka mmoja tu wa mkataba wa miaka minne, na mshahara kupunguzwa ulikuwa ndani ya ugomvi huo. Klabu ikavunja mkataba mwaka 2014, ikasema yeye ndiye aliyekosa kwa kutofika. Aliamriwa kulipa euro milioni 10 na nusu. Miaka kumi baadaye, tarehe 4 Oktoba 2024, mahakama ya Umoja wa Ulaya ilisema baadhi ya kanuni za FIFA zilizombana zinapingana na sheria za Ulaya. Alishinda hoja, ndiyo, lakini miguu yake ilikuwa imeshazeeka. Wewe una miaka 24, na huna mahakama ya Ulaya nyuma yako.

Sasa mshahara. Huu ndio uzi wako wenye nguvu, na ndio ambao hukuutilia mkazo. Kanuni za FIFA juu ya hadhi na uhamisho wa wachezaji, tangu 2018, zinasema hivi: klabu isipolipa mishahara ya miezi miwili kwa tarehe zake, mchezaji anahesabiwa kuwa na sababu ya haki ya kuvunja mkataba, mradi kwanza ameidai klabu kwa maandishi na kuipa siku zisizopungua 15 ilipe yote. Wachezaji wengi wameshika nusu ya kwanza ya kanuni hii na kuisahau ya pili. Wanahesabu miezi miwili, wanapanda basi. Bila ile barua ya siku 15, aliyeondoka anaweza kuonekana ndiye mkosaji.

Lakini lazima nikuambie ukweli mwingine. Baraza la FIFA la kesi hizi linapokea mashauri yenye sura ya kimataifa. Mwenzako Mzambia katika klabu hiyohiyo anaweza kwenda huko. Wewe ni Mkongomani, unadai klabu ya Kikongo. Njia yako ni ya hapa nyumbani, yaani vyombo vya ligi na vya FECOFA (shirikisho letu la mpira) kama mkataba wako unavielekeza, au mkaguzi wa kazi na baadaye Mahakama ya Kazi. FIFA inataka kila shirikisho liweke kinga za mikataba zinazofuata misingi ileile, kwa hiyo hoja zako hazipotei. Zinabadilisha mlango tu. Kwa upande wa Sheria ya Kazi, hufiki mbele ya hakimu kabla ya kupita kwa mkaguzi wa kazi kujaribu kupatanishwa. Usiuone upatanisho huo kama kupoteza muda. Nimeona maprezida wasiojibu simu ya mchezaji wakija wenyewe, na tai shingoni, baada ya mwaliko wenye muhuri wa serikali. Na kumbuka: dai la mshahara lina umri. Kwa sheria yetu, mwaka mmoja tangu siku mshahara ulipopaswa kulipwa ukipita bila wewe kudai mahali panapostahili, dai hilo linakufa.

Uzi wa tatu ni vestieri. Hapa nitakuwa mwangalifu, maana wachezaji wengi huchanganya mambo mawili. Benchi si kosa. Koch ana haki ya kupanga anayemtaka, na hata kukutoa kwenye orodha ya mechi. (Utasikia pia habari za mchezaji aliyecheza chini ya asilimia 10 ya mechi rasmi kuweza kuondoka mwisho wa msimu. Kanuni hiyo ipo, lakini wewe umecheza mechi 14, achana nayo.) Kufanya mazoezi na kikosi kingine kwa siku chache kwa sababu ya kimchezo, hilo nalo linaweza kutetewa. Kinachogeuza jambo ni nia. Kanuni za FIFA zinasema kwamba upande unaomtendea mwenzake vibaya ili kumlazimisha auvunje mkataba au aubadilishe, unampa huyo mwenzake sababu ya haki ya kuondoka. Uliikataa karatasi leo, ukatolewa vestieri kesho: mkaguzi yeyote ataziangalia tarehe hizo mbili. Ataangalia pia kwamba wenzako wamepata mwezi mmoja na wewe hukupata. Kwa hiyo tarehe ziandike leo, katika daftari, wakati bado unazikumbuka. Nani alikuambia, wapi, mbele ya nani. Kama umeondolewa kwenye kundi la WhatsApp la timu, piga picha ya skrini. Mkataba, tafuta nakala yako; kama hukupewa, uombe kwa barua. Malipo ya zamani, kama yalikuja kwa M-Pesa au Airtel Money, historia iko katika simu. Kama yalikuwa mkononi, kumbuka ni nani aliyekuwa na daftari la kusaini.

Barua yenyewe isiwe ndefu, wala isiwe na hasira. Taja mkataba na tarehe yake, taja miezi isiyolipwa na jumla yake kwa hesabu, sema unaipa klabu siku 15 kuanzia siku ya kupokea, sema kwamba unafika mazoezini kila siku na uko tayari kucheza, na uombe urudishwe katika kikosi cha kwanza. Usiandike neno moja juu ya mabao. Nakala moja ibaki kwako ikiwa na sahihi, tarehe na muhuri wa aliyepokea. Wakikataa kupokea, avoka atamtumia afisa wa mahakama anayepeleka hati, na kukataa kwenyewe kutaandikwa.

Baada ya hapo una njia kadhaa, na hakuna iliyo nyororo. Unaweza kubaki na kudai. Ni njia salama kisheria, lakini itakubidi uvumilie miezi ya kuvaa jezi ya mazoezi ya vijana wa miaka 17, na mwenye nyumba hali barua. Unaweza kukubaliana na klabu. Usinielewe vibaya, kukubaliana si aibu. Klabu zetu nyingi zinaishi kwa mfuko wa mtu mmoja, na mfuko huo ukikauka hata hukumu nzuri inaweza kuchelewa kuwa fedha. Kama komite ya klabu inasema kweli haina kitu, wape kuahirisha, usiwape kufuta: nusu sasa, nusu kwa tarehe zilizoandikwa, na malimbikizo ya miezi mitatu yatajwe kama deni. Hiyo ni tofauti kubwa na karatasi uliyowekewa.

Njia nyingine ni kuachana kwa maelewano ili utafute klabu mpya ukiwa huru. Kwa mshambuliaji wa umri wako aliyefunga 11 msimu mmoja uliopita, labda hiyo ndiyo itakayokufaa zaidi, kama kuna anayekuhitaji kweli na si maneno ya wakala tu. Ila hapo ndipo penye shimo ambalo mimi mwenyewe niliwahi kuchelewa kumtoa mtu. Miaka ya mwanzo ya kazi yangu alinijia beki mmoja aliyekuwa akidai miezi sita. Aliitwa usiku, akapewa dola 300 mkononi na barua ya kuachiwa, akasaini chini ya mstari uliosema amepokea haki zake zote na hadai kitu. Alikuwa na mtoto mgonjwa. Alinijia siku ya tatu, na mstari ule ulitufungia karibu kila mlango. Bado naukumbuka mwandiko wa sahihi yake, jinsi ulivyotetemeka. Kwa hiyo ukipewa fedha, pokea na uandike "nimepokea dola kadhaa, sehemu ya mshahara wa mwezi fulani". Wakidai usaini kwamba umepokea vyote ilhali si vyote, inuka, sema utarudi na avoka.

Redio iache kwa sasa. Najua inavyovuta: mji huu unapumua mpira, na jioni moja tu ya kusema ungepata mitaa yetu ya Kamalondo na Kenya yote upande wako. Asubuhi yake klabu ingepata sentensi moja uliyoisema kwa uchungu, ikaiita matusi kwa uongozi, na mazungumzo yangehama kutoka deni lao kwenda mdomo wako. Baada ya upatanisho kushindwa, kama avoka wako ataona inafaa, mtaongea, mkiwa na karatasi mkononi.

Nirudi kwenye mabao, si kama mwanasheria. Mshambuliaji anapata nafasi chache katika mechi, na mechi 14 ni kipimo kifupi. Mpira uliogonga mwamba mara tatu ungekuwa msimu mwingine. Lakini pia mtu asiyelala, asiyejua bukari (ugali) ya kesho itatoka wapi, hawezi kuwa na sekunde ile ya utulivu mbele ya golikipa. Kama ulipata malaria au jeraha mwanzoni mwa msimu, nenda kwa daktari akupime damu na akuangalie misuli, na uombe cheti. Kikionyesha kitu, kitakusaidia mwilini na katika faili. Na kule kutolala: kama kumepita wiki mbili, au kama usiku yanakujia mawazo kwamba afadhali usiwepo, usingoje barua wala mkaguzi. Mwambie bibi yako leo, na mwende pamoja hospitali kesho baada ya mazoezi. Hilo linatangulia kesi yoyote.

Kwa avoka, usiende na rafiki wa rafiki anayejuana na komite. Nenda kwa aliyeandikishwa katika baraza la mawakili la Haut-Katanga, umuulize kabla ya yote kama amewahi kumtetea mtu yeyote wa klabu yako. Kama huna cha kumlipa, uliza katika ofisi ya baraza hilo juu ya msaada kwa wasio na uwezo, au anza mwenyewe kwa mkaguzi wa kazi. Malalamiko ya kwanza hayahitaji avoka. Nenda na mkataba, lile daftari la tarehe, na simu yenye chaji. Mwenye nyumba naye mwonyeshe nakala ya barua yenye muhuri. Haitamlipa, lakini ataona kwamba hujakaa, na wengi wakiona hivyo wanakubali kungoja mwisho wa mwezi.

Siku 15 zikiisha bila jibu, usiondoke kwanza. Niandikie siku ya 16, au mwonyeshe avoka wako, maana barua ya kuvunja mkataba inaandikwa na mtu aliyeusoma mkataba wenyewe, kifungu kwa kifungu.